Kampala na watoto watatu, na Koko

Tangu turudi kutoka vakansi kubwa, kila anayetukuta sokoni au kwenye likelemba anauliza swali lile lile: "Ni kweli mlienda Uganda na watoto watatu? Na Koko naye?" Ndiyo, na Koko naye. Basi tueleze mara moja hapa, ili tusirudie mpaka masomo yaanze.

Safari ilitoka kwa shemeji yetu, mdogo wa baba watoto, anayefanya biashara ya nguo Kampala, mtaa wa Katwe. Alisema atalipa ndege ya hadi Goma, sisi tujipange kwa njia iliyobaki na chakula. Zamu yetu ya likelemba ilianguka mwezi wa Juni, tukaona Mungu amepanga. Watoto wana miaka tisa, sita na mitatu. Hao hawakuwa shida. Shida ilikuwa Koko, mama yetu.

Wengi wenu mlikuwa hapa, hamna haja ya kuelezwa. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana ndani ya mji wetu, siku sita, kana kwamba hakuna watu wanaoishi humu. Sisi tulikuwa watoto, tumelala chini ya kitanda katika komuni ya Tshopo. Dada yetu mkubwa alitoka uani kutafuta maji. Alikuwa na miaka 16. Mahakama ya The Hague ilihukumu mwaka 2005 kwamba Uganda inapaswa kuilipa nchi yetu, na hadi mwaka 2018 watu wetu walikuwa bado wanangoja. Koko hakuwahi kulitaja jina la nchi hiyo nyumbani. Tulipomwambia juu ya mwaliko, tulijua atakataa. Alikaa kimya siku mbili, kisha akasema, "Nitaenda. Nataka kuwaona mahali wanapokaa."

Njia tuipite haraka: Bangboka hadi Goma kwa ndege, Goma hadi Rutshuru na Bunagana kwa gari, halafu mpaka. Karatasi za kuvuka zilikula pesa kuliko tulivyohesabu, wekeni akiba ya kutosha. Baada ya Kisoro barabara inapanda milima kwa kona na kona mpaka Kabale. Watoto wa Kisangani wamezoea nchi tambarare na mto. Wote watatu walitapika. Chukueni mifuko ya plastiki na malimau ya kunusa. Toka Kabale tulisafiri usiku kwa basi, tukafika Kampala asubuhi tukitetemeka. Mji ule uko juu sana kuliko wetu, na mwezi wa Julai alfajiri yake ni ya sweta. Sisi tulibeba vikwembe tu.

Kitu cha kwanza kilichowachanganya watoto ni saa. Kampala iko mbele yetu kwa saa moja. Mkubwa alikataa kabisa kwamba jua linaweza kuzama karibu saa moja usiku. Tukamchorea dunia kwenye karatasi ya maandazi, maana mwalimu hana likizo. Jumapili ya kwanza shemeji aliazima gari, akatupeleka Kayabwe, kwenye njia ya Masaka, mahali mstari wa ikweta unapokata barabara. Wamejenga duara kubwa jeupe pande mbili za njia, watu wanapiga picha mguu mmoja kaskazini, mmoja kusini. Kijana mmoja ana mabeseni, anaonyesha maji yakizunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, halafu anaomba pesa. Mchezo ni mzuri, lakini ni mchezo. Katika beseni dogo maji yanafuata mkono wa anayeyamwaga. Tulimlipa hata hivyo. Jambo lililotufurahisha zaidi ni kuwaambia watoto kwamba mstari huo huo unapita kwetu, kati ya Kisangani na Ubundu, na kwamba mto wetu unauvuka mara mbili kabla ya kufika baharini. Wa miaka sita akauliza, "Sasa tulipanda ndege ya nini?"

Huko Entebbe, kama kilomita 40 kutoka Kampala, tulienda kwenye bustani ya wanyama kando ya ziwa. Simba, faru, sokwe, wote wanakaa vizuri na wanakula, si kama bustani ya kwetu pale mto Tshopo baada ya vita. Watoto walitafuta okapi kila pembe. Mlinzi alicheka, akasema okapi anaishi Kongo peke yake. Walijivuna njia nzima ya kurudi, kana kwamba wao ndio waliomzaa. Lakini ziwa lenyewe liliwashinda. Mtoto wa mto anataka kuona ng'ambo, na anataka kujua maji yanakwenda upande gani. "Yanakwenda wapi haya?" Tukamwambia yanatokea Jinja, yanakuwa Nili, yanapita Sudani na Misri. Alitazama muda mrefu, akasema hayaendi, yamelala.

Jumba la makumbusho la Kamwokya ni zuri kwa watoto kwa sababu ya ngoma na vinubi, na nyuma kuna nyumba za kienyeji wanazoweza kuingia. Msikiti mkubwa wa Old Kampala, unaoitwa wa Gaddafi, unapokea wageni wa kila dini. Wanawake wanapewa mtandio na kitambaa cha kujifunga. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Baba watoto alipanda na wakubwa wawili, sisi tulibaki chini na mdogo, bila huzuni yoyote. Walirudi wakisema mji mzima ni vilima, na juu ya mapaa kuna korongo wakubwa wenye upara wanaotazama takataka kama mahakimu.

Chakula? Matoke yao ni lituma yetu ambayo haikukutana na mchi. Hayo ni maneno ya Koko, na hadi siku ya mwisho aliyala kwa shingo upande.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kule magari yanapita kushoto. Tuliwaambia watoto, tukawaonyesha, tukarudia. Siku ya tano, karibu na soko la Nakasero, wa miaka sita aliona puto ng'ambo ya barabara. Alitazama upande aliozoea, akaona hakuna kitu, akashuka. Pikipiki, wanayoiita boda boda, ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili. Hatukuwahi kupiga kelele. Mama mmoja aliyekuwa ameketi chini na ndizi zake alinyosha mkono, akamkamata shati, akamwangusha juu ya biashara yake. Pikipiki ilipita. Ndizi zilipondeka, mtoto hakuumia.

Tulimshukuru kwa lugha tuliyokuwa nayo, Kiswahili, wote kwa pamoja, kwa sauti. Yule mama alirudi nyuma. Uso ulifunga kabisa, kana kwamba tumemtukana. Hatukuelewa. Koko miguu ilikuwa imekwisha nguvu, akaketi juu ya kreti bila kuombwa.

Baada ya muda mama huyo aliuliza, kwa Kiswahili cha kukatakata, kama sisi ni watu wa jeshi. Baba watoto alicheka, ni mwalimu wa hesabu, tumbo linamtangulia. Ndipo akaeleza. Kwao, kwa watu wa rika lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi barabarani, wakati wa Amin na baadaye. Aliyekuwa akisema Kiswahili alikuwa na bunduki. Maneno aliyoyajua ni hayo aliyoyasikia huko: simama, toa, lala chini.

Koko alimtazama sana. Kisha akasema, "Kwetu lugha ya askari ilikuwa Lingala. Halafu mwaka 2000 askari wenu walikuja na Kiswahili." Akamsimulia. Hakuwahi kutusimulia sisi hivyo, kwa mpangilio: ndoo, mlango, saa ngapi, nani alimbeba. Tulisimama pale na watoto wetu, hatujui kama tumzuie au tumwache. Mama wa ndizi hakuelewa kila neno, lakini aliposikia miaka 16 alielewa. Alisema, "Sisi hawakutuambia." Akanyamaza. Halafu akaanza kukusanya ndizi zake.

Koko alilipa zote zilizopondeka. Mama alikataa, Koko akamwekea shilingi kwenye goti. Tulizila jioni ile, nusu zilikuwa uji.

Tusiwadanganye kwamba Koko alibadilika. Kila askari alipopita aligeuza kichwa, na siku shemeji alipotaka kutupitisha karibu na kambi alisema atashuka kwenye gari. Lakini alirudi Nakasero mara mbili kabla hatujaondoka, na safari ya pili hakutaka kusindikizwa hadi pale. Aliachwa kwenye kona.

Kwa wamama wanaotaka kwenda: mwandikie kila mtoto namba ya simu ya mwenyeji kwenye karatasi, uishonee mfukoni. Wafundisheni kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, wiki nzima kabla ya safari, kwa mchezo, si siku mnayofika. Wetu sasa wana tatizo la kinyume: hapa Kisangani wanatazama upande usiofaa, na waendesha toleka wanatupigia kengele kwa hasira. Mwaka huo wa 2018, toka tarehe 1 Julai, kule walikuwa wanatoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa aliyetumia WhatsApp. Shemeji alilalamika, kwa sababu ndiye aliyekuwa mjumbe.

Wiki iliyopita Koko alimpa mfanyabiashara mmoja furushi la mbinzo kavu alifikishe Kampala. Juzi shemeji alipiga simu kutoka sokoni: mama wa ndizi amefungua furushi, amekuta ni viwavi, anauliza kama ni chakula au ni dawa. Koko alichukua simu, akaanza kueleza namna ya kuviloweka. Vocha iliisha kabla hajafika kwenye chumvi.