Samaki Mwenye Ndevu

Baba alipohamia kwangu Nairobi, baada ya kumzika Mama, alikaa wiki mbili akiangalia ukuta. Mtu aliyevua samaki Dunga zaidi ya miaka arobaini, sasa yuko ghorofa ya tatu, hana nyavu, hana ziwa. Nikaona afadhali nimletee maji ndani ya nyumba. Nilinunua tangi la lita 100, filta, mawe, kipande cha mti na samaki kumi wadogo wa rangi. Nikaliweka karibu na dirisha, pale anapopenda kukaa asubuhi.

Enyewe alifufuka. Kila nikitoka kazini nampata amevuta kiti, uso karibu uguse kioo.

Mwezi wa tatu, kioo kikaanza kuota kijani. Mwanzoni vidoadoa, kisha zulia zima la mwani, hadi kwenye bomba la filta. Nikisugua Jumamosi, Jumatano umerudi.

"Fulu wangemaliza hii kitu kwa siku moja," Baba akasema.

Fulu ni wale samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, mamia ya aina, kila aina na chakula chake: wengine konokono, wengine wadudu, wengine walikwangua mwani kwenye mawe. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na aina nyingi za fulu zikapotea. Baba huwa hamlaani. "Mbuta alitujengea nyumba," husema, "lakini alikula wafagiaji wetu."

Basi nikaenda kutafuta mfagiaji. Muuzaji akanionyesha pleko wa kawaida, mdogo kama kidole, akaniapia, "Madam, huyu hukua kulingana na tangi." Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua hiyo ni hadithi; yule hupita sentimita 30. Nikachagua jamaa yake, pleko mwenye ndevu. Naye asili yake ni Amerika Kusini, lakini huishia kama sentimita 12 hivi, na dume huota ndevu za nyama usoni.

Nyumbani nilizima taa ya tangi, nikauacha mfuko uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane. Kisha kila baada ya dakika chache nikawa natia mfukoni maji kidogo ya tangi, kwa muda wa saa nzima. Baba alikosa subira.

"Samaki anajua maji. Mwachilie!"

"Mgeni hasukumwi ndani, Baba."

Hatimaye nilimtoa kwa wavu mdogo, maji ya mfuko nikayamwaga chooni, nisije nikaingiza magonjwa ya dukani. Akajificha chini ya mti. Baba akambatiza Jaduong', yaani mzee, kwa sababu ya zile ndevu.

Jaduong' alifanya kazi usiku. Asubuhi tulikuta njia safi kwenye kioo, kama mtu amepitisha kidole kwenye vumbi. Lakini baada ya wiki mbili kijani kilikuwa kinamshinda. Nikapima maji: naitreti iko juu. Nikafunga pazia. Bado.

Siku moja nilibaki nyumbani na homa, ndipo nikaona. Saa mbili Baba aliwalisha samaki. Saa tatu akawalisha tena. Kabla ya saa saba alikuwa amewalisha mara sita, na kila mara aliwaambia kwa huruma ya kweli, "Maskini, hamjakula leo."

"Baba, umewalisha?"

"Bado, nyathina."

Mwani hauoti bure. Unataka mwanga na chakula, na chakula kinachobaki majini huoza kikawa mbolea yake. Mimi nilikuwa nimenunua samaki wa kula habari niliyokuwa naletewa. Kuniita kwa jina la dada yangu, gesi iliyoachwa wazi, kuuliza Mama atarudi saa ngapi: hayo yote niliyasugua kama kioo, nikasema ni uzee tu.

Wiki iliyofuata tulienda kliniki. Daktari alitaja neno ambalo nilikuwa nalijua tayari.

Siku hizi mkebe wa chakula naufungia kabatini. Kila asubuhi namwachia Baba kifuniko cha chupa chenye chakula cha siku. Kikiisha, anaona mwenyewe kimeisha. Jumapili usiku Jaduong' hupata kipande cha tango. Kioo cha nyuma sikisugui tena. Naye anahitaji kula, na kijani kidogo hakiui mtu.

Jana Baba alinyoosha kidole kwenye tangi. "Huyu mwenye ndevu ameletwa na nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. "Ni mgeni wetu, Baba."

Akavuta kiti, akamtazama kwa muda mrefu.

"Basi msimharakishe," akasema. "Ayazoee maji kwanza."