Nira, Pumzi na Mgongo Uliochoka



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunajibu swali la kijana mmoja, dereva wa mitambo mizito mgodini. Alituambia hivi: “Padre, kazini kwetu jioni kuna darasa la yoga. Mgongo unanisumbua, nami ningependa kwenda. Lakini wenzangu wa jumuiya wanasema nitakuwa nimeabudu miungu. Niende, nisiende? Na nikienda, nifanyeje ili nipate faida?”

Swali hili si dogo. Katika ukanda wetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, mwili ndio mtaji wa maskini. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000 na 2001, lakini pembeni yake wako maelfu ya wachimbaji wadogo. Vijana hushuka maduarani kwa kamba, akina mama huponda mawe, wengine huinama mialoni tangu asubuhi. Tumezoea kuutumia mwili kama sururu: twapiga mpaka mpini ukatike. Ukiuma, twameza vidonge na kurudi kazini. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi kuutunza ni sehemu ya imani yetu.

Neno yoga latoka katika Kisanskriti, katika shina lenye maana ya kufunga pamoja, kutia nirani. Msukuma aliyelima kwa ng’ombe haelezwi nira ni kitu gani. Anajua kwamba jambo kubwa ni kujua umefungwa pamoja na nani, na ni nani ashikaye jembe nyuma yako. Naye Bwana wetu aliwaalika wote wasumbukao na wenye kulemewa na mizigo wajitie nira yake.

Tuseme ukweli wote. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini. Katika maandiko ya kale ya Patanjali, mikao ya mwili ni hatua moja tu kati ya nane. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Tena tarehe 15 Oktoba 1989, Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa barua juu ya tafakari ya Kikristo. Barua hiyo yakiri kwamba mkao na pumzi vyaweza kumsaidia mtu anayesali. Lakini yaonya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Misuli ikilegea tumshukuru Mungu, ila tusiseme tayari tumesali.

Kwa hiyo, ndugu, waweza kwenda. Sisi wenyewe tulihudhuria darasa la namna hiyo kwa majuma sita jijini Mwanza, baada ya safari za pikipiki za vigangoni kutulemea mgongo. Tunawashirikisha yale yaliyotufaa.

Kwanza, fika mapema, tumbo likiwa jepesi, na umweleze mwalimu hali yako: shinikizo la damu, ujauzito, ngiri au jeraha la zamani. Muulize pia kama kuna nyimbo au maneno ya kuitukuza miungu. Yakiwapo, nyamaza kwa heshima, au tafuta darasa lingine.

Pili, fuata pumzi. Ikikatika au ukiibana, ujue umepita kipimo chako. Msuli kuvutika ni jambo jema. Maumivu makali ya goti au uti wa mgongo ni amri ya kuacha.

Tatu, usimtazame jirani. Pembeni yetu alikuwapo binti aliyejikunja kama unyasi, na sisi tumesimama wima kama nguzo ya kanisa! Hakuna zawadi ya kushinda. Aliyeinama kidogo kwa utulivu amefaidi kuliko aliyejilazimisha.

Nne, usikimbie mapumziko ya mwisho. Watu hulala chali kimya kwa dakika kadhaa, na hapo mwili hupokea kazi yote iliyotangulia. Wapo wanaokunja mkeka na kuondoka, kama wale wanaotoka kanisani mara baada ya Komunyo. Katika kimya hicho tumia njia ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola: kwa kila pumzi, neno moja la Baba Yetu.

Tano, rudia nyumbani. Dakika kumi na tano juu ya mkeka kila siku hushinda saa moja kwa juma. Hapo hata mama wa karashani, asiye na darasa wala mwalimu, aweza kujifunza mikao michache myepesi kwa aliyefundishwa. Mwaka 2017 madaktari wa tiba ya ndani wa Marekani, katika mwongozo wao, waliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo.

Hata hivyo, yoga haiondoi vumbi la mawe mapafuni, wala sumu ya zebaki. Mwenye duara asimwambie kibarua ajinyooshe ili apate kumfanyisha kazi zaidi. Haki ya kibarua ni matimba imara, kinga ya vumbi, ujira halali na siku ya Bwana ya kupumzika.

Juma hili kila mmoja wetu ajiulize: mwili niliokabidhiwa nimeufunga nira ya nani, ya dhahabu au ya Kristo?

Mwenyezi Mungu awabariki.

Paroko wenu