Rangi ya Ukuta Unaotazama Bahari

Alhamisi moja niliitwa Munje, upande wa Msambweni, kusoma hitima. Ukiiacha barabara ya Lungalunga na kushika njia ya baharini, minazi hukupokea, kisha nyumba: hii ya udongo na makuti, ile ya mawe na mabati.

Baada ya dua, mama mwenye nyumba, mjane, alinionyesha ukuta wake wa nje. Mwanawe aliyeko Uarabuni alikuwa amemletea fedha za rangi ya mafuta, buluu iliyokoza, kwani arusi ya dada yake ilikuwa karibu. Mama alitaka chokaa. “Sheikh,” akaniuliza, “nikipaka chokaa, wakwe hawataona kuwa tumefilisika?”

Niliugusa ukuta. Rangi ya zamani ilikuwa imefanya malengelenge, na nyuma yake mlikuwa na unyevu na unga wa chumvi. Pepo za kusi huja na mvua na chumvi ya bahari. Jiwe la matumbawe huvinywa vyote viwili. Rangi nzito huziba pumzi ya ukuta, maji yakakosa pa kutokea, yakaibandua. Chokaa huuacha ukuta upumue, nayo hushika hewa ikageuka jiwe tena. Weupe wake hurudisha jua, chumba kikapoa. Msikiti wa Kongo kule Diani, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa, umesimama karne kadhaa.

Hata hivyo, chokaa ina masharti yake. Haishiki juu ya rangi ya mafuta, hivyo ya zamani sharti ikwanguliwe. Ukuta hurowekwa kwanza, kisha hupakwa mikono myembamba, tena na tena. Huunguza macho, basi watoto wakae mbali. Na kila baada ya muda hutaka kurudiwa.

Tulimpigia kijana simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mama, mimi nilitaka waione nyumba yetu kutoka mbali.” Mama akamjibu, “Nyeupe ndiyo ionekanayo mbali, mwanangu. Hata wavuvi wataiona.” Kijana akacheka, akaridhia. Milango na madirisha yakapewa buluu yake, na fedha zilizobaki zikaezeka upya upenu uliokuwa ukivuja juu ya kitanda cha bibi arusi.

Dada zangu, kuipamba nyumba si israfu. Israfu ni kupamba kwa kuwaogopa watu, huku ndani kunavuja. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu. Amin.