Bonasi ya Chai Tuliyoila Kabla Haijachumwa

Je, umewahi kuketi mezani na mwenzako wa ndoa, kila mmoja amelaza simu yake kifudifudi, na ujumbe ukiingia hakuna anayethubutu kuutazama? Hivyo ndivyo tulivyoishi mimi na mume wangu hapa Nairobi kwa miaka mitano. Majirani walituona watu wa maana. Tulikuwa na kijigari mlangoni, na nikienda dukani sikuhesabu pesa, nilitoa kadi.

Kadi hiyo ya mkopo ndiyo iliyofungua njia. Mwaka wa 2020 korona ilipofunga hoteli, mume wangu alibaki na nusu mshahara, kisha akakosa hata huo. Tukasema kadi itatusukuma miezi miwili tu. Benki yetu ilitoza asilimia 3.5 kwa mwezi kwa salio, na ilituruhusu kulipa sehemu moja ya kumi ya deni. Hebu fanya hesabu nami. Deni likiwa Sh120,000, unalipa Sh12,000 na kujiona muungwana, kumbe Sh4,200 kati ya hizo ni riba tupu. Wiki inayofuata unanunua unga na mafuta kwa kadi ile ile, na deni linarudi pale pale.

Kisha nikaingia kwenye mikopo ya simu. Tangu M-Shwari ianze mwezi wa Novemba 2012, Wakenya tumezoea kukopa bila kumwona mtu macho. Ada yake ya asilimia 7.5 kwa siku 30 yaonekana ndogo, lakini ukikopa na kukopa tena mwaka mzima umelipa asilimia 90. Mimi sikuishia kwa mkopeshaji mmoja. Nilikuwa na programu tatu, nikikopa hapa kulipa pale, na mume wangu hakujua hata moja. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo nimewafundisha watoto wangu, na bado nilikopa.

Utaniuliza, tulitegemea nini? Tulitegemea chai. Kwao mume wangu ni Kabianga, kule Kericho, na marehemu baba yake alimwachia michai ambayo mama mkwe huisimamia. Kwa wewe uliyezaliwa mjini, mkulima mdogo hulipwa kiasi fulani kwa kila kilo mwisho wa mwezi. Hesabu za mwaka hufungwa mwezi wa Juni, na salio hulipwa karibu na Oktoba. Hiyo ndiyo bonasi. Kwetu ilikuwa jibu la kila swali. Karo? Bonasi. Kodi ya nyumba? Bonasi. Nadhani tuliitaja mara nyingi kuliko tulivyomtaja mama aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kuichuma.

Jambo ambalo hatukulitazama ni kwamba chai yetu huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu Sh129. Sisi wa mjini tulishangilia. Lakini kilo iliyouzwa dola mbili, iliyokuwa Sh320, sasa ilileta Sh258. Hiyo ni sababu moja tu miongoni mwa nyingine. Oktoba 2025 bonasi ilishuka katika viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa, nasi tulikuwa tumekwisha kuila.

Mume wangu akapata wazo. Huko kwao kuna mtindo wa kukodisha michai. Mwenye fedha anakupa pesa taslimu leo, naye anachuma na kuchukua malipo yote, pamoja na bonasi, kwa miaka mnayokubaliana. Tukafunga safari kwenda kumwambia mama kwamba tutaikodisha kwa miaka mitatu.

Alitumiminia chai, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mkiikodisha, mimi miaka mitatu nitakula nini?" Hakuna aliyejibu. Akanigeukia. "Na lile deni lako la simu, mwanangu, liliisha?"

Moyo ulinipasuka. Kumbe mwaka wa 2021 mtu asiyemjua alimpigia simu, akamwambia mimi ni mwizi, anishurutishe nilipe. Wakopeshaji wengine wa simu walikuwa wakichukua majina yote yaliyo katika simu yako. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zilikataza matusi na kuwapigia jamaa namna hiyo, lakini kwangu zilikuwa zimechelewa. "Alinitukana," mama alisema. "Nikakata simu, nikaenda kuchuma chai." Miaka minne alikaa na neno hilo.

Usiku ule tuliandika kila kitu nyuma ya kalenda. Kadi, Sh118,000. Simu zangu, Sh39,000. Mume wangu naye akainamisha kichwa. Alikuwa na mkopo wa Sacco wa Sh70,000, na Sh60,000 za rafiki yake. Jumla Sh287,000. Mama akaongeza deni lake la dukani, Sh3,400, tukacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Novemba tuliuza gari kwa Sh190,000. Tulilipa simu zote, na Sh91,000 zikaenda kwa kadi. Mimi nilitaka rafiki asubiri kwa kuwa hatozi riba, lakini mama alikataa katakata. Benki haina watoto, alisema, yule ana watoto. Tukamlipa. Sacco, yenye riba ya asilimia moja kwa mwezi, tuliiacha mwisho. Kadi niliikata kwa mkasi wa jikoni, halafu nikaiandikia benki barua ya kuifunga, maana mkasi haufungi akaunti.

Sasa tunapanda matatu. Asubuhi nyingine nikisimama kituoni kwenye mvua, huona haya jirani akipita na gari lake. Michai haikukodishwa. Kila mwisho wa mwezi mama hupiga simu kutoka Kabianga, na kabla hata ya kuulizia wajukuu husema, "Imebaki ngapi?" Mara ya mwisho nilimjibu ni Sh64,000.