Kusikiliza Mara ya Pili

Usiihukumu santuri kwa kuisikia mara moja. Sisi wapenzi wa muziki wa roki hukutana kuzisikiliza tena santuri za zamani na za karibuni. Katika The Dark Side of the Moon, waliyoitoa Pink Floyd mwaka 1973, mmoja hufuata gitaa. Mwingine hungoja pigo la moyo linaloifungua na kuifunga. Wa tatu hushikilia kuwa OK Computer ya Radiohead, ya mwaka 1997, huishinda kwa kueleza upweke wa mtu kati ya mitambo. Hubishana, wala hawagombani. Nyimbo ni zile zile, lakini kila sikio lina fungu lake. Asikilizaye peke yake hupata fungu moja tu.