Nyumba Moja, Vyungu Vitatu

Nilikosea neno moja. Ni neno ambalo mtoto anayeanza kusema analijua: nyumba. Nililiandika mahali ambapo Kiingereza kilisema household na Kifaransa kilisema ménage. Kwa sababu hiyo kuna familia katika Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, zilizokosa chakula ambacho tayari kilikuwa kimefika kwa ajili yao. Sikukosea kwa kutojua. Nilijua. Hilo ndilo zito kulisema, kwa hiyo nalitanguliza.

Mji wa Kitchanga uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2023, na watu wakatawanyika. Wengine walishuka Sake na Goma, wengine wakabaki kwenye vilima vya Masisi kwa ndugu na marafiki, wengine wakaendelea hadi wakaingia Walikale. Wengi hawakulala kambini. Walipokewa majumbani na watu ambao wenyewe walikuwa na shamba dogo na watoto wengi. Shirika moja lilitaka kuwahesabu hao wadeplase, kama tunavyowaita huku, ili ligawe unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Mgao ulipangwa kwa familia: familia moja, jeto moja ya kuchukulia chakula, fungu moja.

Fomu ilitungwa kwa Kiingereza, ikageuzwa Kifaransa. Wahesabuji walikuwa vijana wa huku huku, Wahunde, Wanyarwanda, Wanyanga na Watembo, na lugha waliyoshirikiana wote ni Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Masisi. Nikaombwa kutengeneza orodha ya maneno yenye safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Kutoka kwenye safu yangu ya tatu kila kijana angejigeuzia mwenyewe, kwa mdomo, kwenda Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga. Neno likiwa bovu pale, linaingia bovu katika lugha zote.

Nilikuwa na kamusi nzuri mezani, ile ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, mwaka 1996. Kwa household ilinipa kaya. Ni jibu sahihi, kwa Tanzania. Lakini Masisi ukimwuliza bibi mwenye jembe begani kaya yake ina watu wangapi, atakutazama tu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kukisimamia ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili chetu kilikuja na misafara, migodi na masoko, kikakua bila kamati. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja kuwa moja ya lugha 4 za taifa, lakini mwenye kutafuta maana ya neno lake Goma bado anafungua kitabu cha Dar es Salaam.

Basi nikaifuta kaya, na hapo sikukosea. Kosa lilikuja katika neno nililoliweka badala yake. Nilitaka neno ambalo kila mtu analielewa bila kufafanuliwa, na nyumba lilikuwa hapo hapo karibu. Goma na Bukavu tuna nyumbakumi, mzee anayesimamia nyumba kumi za mtaa, kwa hiyo watu wamezoea kuhesabiwa kwa nyumba. Kiingereza chenyewe kimeficha house ndani ya household, nami nikaichukua hiyo house nikaacha kilichobaki. Nilifurahi kwamba nimepata neno la watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata neno rahisi, na nikaacha kuuliza kama linabeba mzigo ule ule.

Household ni watu wanaokula pamoja na wanaotegemea mfuko mmoja. Paa wanaweza kulishiriki na wengine, au wakawa na mapaa mawili. Nyumba ni paa. Katika mwaka wa amani tofauti hiyo inaweza isimdhuru mtu. Katika mwaka wa vita, paa moja la Masisi linafunika familia tatu.

Na mimi nililijua jambo hilo mwilini mwangu. Mwaka 1993 vita vilianzia soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi, vikapanda hadi Masisi, na sisi tukakimbia tukapokewa na mama mmoja aliyekuwa na vyumba viwili. Sisi tulipewa kimoja. Jioni yeye alipika chungu chake, mama yangu chake. Ikitokea wao wamepata nyama na sisi hatuna, tuliambiwa tutoke nje tucheze ili tusitazame. Mtu angekuja kumwuliza yule mama nyumba yake ina watu wangapi, angetutaja, kwa wema wake. Tungehesabiwa kama watu wake. Nilikuwa na kumbukumbu hiyo kichwani nilipoandika neno nyumba, na sikuiuliza kitu.

Mtu mmoja aliniuliza kwa niaba ya kumbukumbu hiyo. Siku ya mafunzo mhesabuji mmoja, mama mtu mzima kutoka Walikale, aliinua mkono. “Mwalimu, na bale benye kulala kwa batu, tutabaandika wapi?” Nilimjibu kwamba maelezo yako ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa kwa Kifaransa, umejaa maneno ya ofisini. Nilijua yeye hasomi Kifaransa kwa urahisi. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye maneno ninayoyaona magumu: chanjo, ulinzi, ridhaa. Alishusha mkono, akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikaendelea.

Kulikuwa pia na njia ya kawaida ya kukamata makosa ya namna hii. Tafsiri hupewa mtu mwingine, asiyeona maandishi ya asili, airudishe katika lugha ilikotoka, kisha mnalinganisha. Muda ulikuwa mfupi na fedha kidogo, nikasema nitaifanya mwenyewe. Nikaisoma nyumba, na kwa kuwa nilijua nilichokusudia, nikaandika household. Ikalingana kabisa. Mtu mwingine yeyote angeandika house na tungeshtuka wote.

Lililo baya zaidi liko kwenye utangulizi wa orodha ile, ambao niliuandika mimi. Niliwakumbusha wahesabuji yaliyotokea Luvungi na vijiji vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Walikale, kati ya Julai 30 na Agosti 2, mwaka 2010, ambako makundi yenye silaha yalibaka watu wasiopungua 387, kwa hesabu ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa. Walinda amani walikuwa na kituo karibu, na moja ya mapungufu yaliyotajwa baadaye ni uhaba wa wakalimani wa kuwaunganisha na wanakijiji. MONUSCO, ujumbe wa walinda amani hao, ikaja kuajiri Wakongo wa kuishi kwenye kambi na kuzungumza na vijiji. Niliandika kwamba kwetu lugha si pambo. Kisha nikafungua ukurasa na kuorodhesha maneno bila kumjaribia hata mtu mmoja.

Nilitambua siku ya mgao, katika kijiji kimoja kwenye barabara inayotoka Nyabiondo kwenda Kashebere. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kusoma majina. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja mezani bila jeto. Kijana wetu akatafuta jina lake, akalikuta ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Nyumba hiyo ilikuwa na watu kumi na sita na jeto moja. Nikadhani ni kosa la kuandika, sifuri au tarakimu imeruka. Nikafungua ukurasa uliofuata. Kumi na nne, jeto moja. Kumi na tisa, jeto moja. Nikaona pia mzee mwenye wake wawili waliojengewa kila mmoja nyumba yake, shamba moja, mfuko mmoja: jeto mbili. Hapo sikuhitaji kuendelea kufungua. Vijana walikuwa hawajakosea popote. Waliuliza walichofundishwa kuuliza, wakajibiwa kweli tupu, wakaandika kwa mwandiko safi.

Bado nilimwuliza yule mama kwa nini hakusema kwamba yeye ni familia ya peke yake. Sikupaswa kumwuliza. “Mwalimu,” akasema, “muliuliza nyumba. Nyumba ni ya huyu mama. Sisi tungesema nini?” Mwenye nyumba alikuwa amesimama kando yake, ameshika jeto, hajui aiweke wapi.

Fungu la familia moja likagawanywa kwa tatu, mahali walipokubali kuligawanya. Mahali pengine hawakukubali. Hesabu ikabidi irudiwe, na kabla haijaisha barabara ikafungwa na mapigano, kwa hiyo baadhi ya vijiji vilingoja chakula muda mrefu kuliko ilivyostahili, na vingine sijui kama vilikipata. Sina habari ya mtu aliyekufa kwa ajili ya neno lile. Watu walikula mara moja kwa siku badala ya mbili, wakauza nguo, wakaenda kulima vibarua kwenye mashamba yasiyo salama. Na wenyeji waliofungua milango yao wakasemwa kuwa wamekula haki ya wageni. Huku kwetu mwenyeji na mgeni mara nyingi hawana kabila moja, na maneno kama hayo hayabaki jikoni. Familia ya yule mama ilihama ile nyumba. Nilikwenda kwa mwenye nyumba kumweleza kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza, akaniambia nikawaeleze wao. Nilipowatafuta walikuwa wamekwenda upande wa Walikale, na sikuwapata.

Katika kurudia hesabu tuliacha kutafuta jina moja la household. Yule mama wa Walikale ndiye aliyetupa swali: “Mangaribi, hapa munapika nyungu ngapi?” Jibu lilikuja haraka kila mahali. Hata hivyo nalo lina tundu. Chakula kikiisha, mwenyeji na mgeni huunganisha chungu, na wenye njaa zaidi ndio wanaoonekana kuwa familia moja. Kwa hiyo tuliongeza: kabla ya kuja hapa mlikuwa mnapika na nani? Na kisha: nani analipia chumvi? Maswali matatu kwa neno moja. Fomu ikarefuka na ofisi ikalalamika, na safari hii nilikataa kupunguza.

Baadaye nilirudi kwenye orodha nzima na kuisoma mbele ya watu. Nikakuta mengine. Kwa kumtia mtu nguvuni nilikuwa nimeandika kukamata, kama kamusi inavyosema, wakati Masisi tunakamata hata kijiko. Kukamata ni kuchukua tu. Mtu aliyeulizwa kama kuna aliyekamatwa nyumbani kwake angeweza kunijibia jambo jingine kabisa, na ninaogopa kufikiri ni wangapi walijibu hivyo.

Nilisahihisha nakala yangu. Lakini orodha ya kwanza ilikwisha kupita kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, Goma, Masisi, Walikale, na watu wanaitumia kwa kazi nisizozijua. Ina safu tatu na utangulizi unaoitaja Luvungi. Ikikufikia, futa nyumba kwenye household, futa kukamata kwenye arrest, na maneno yaliyobaki mpe mtu wa kijiji unakokwenda ayasome kwa sauti kabla hujaondoka.