Oili ya Trekta Kuukuu

Huku kwetu Tumati jembe la maksai bado lina heshima yake. Lakini trekta nazo zipo, na nyingi ni kuukuu. Mimi naendesha mojawapo, Massey Ferguson 135, aina iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1964 hata 1975. Hesabu mwenyewe umri wake!

Wenzangu huniuliza, “Mzee, nitie oili gani?” Wengi huwa wamekwisha kujijibu: oili nzito, maana mashine imechakaa. Neno hili ndilo nataka tulizungumze, kwa kuwa limewatia watu hasarani.

Jirani yangu mmoja alishauriwa dukani atie kwenye giaboksi oili nzito sana, namba 140, ati itanyamazisha kelele za gia. Asubuhi ya baridi, mvua za kwanza zimekwisha nyesha, jembe likagoma kuinuka. Pampu ikalia kama nguruwe. Trekta ikalala siku tisa. Wajane wawili waliokuwa wamekwisha kumlipa fedha za kulimiwa walipanda wamechelewa, na jua likayakuta mahindi yao hayajabeba. Ndiyo maana nasema oili si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la chakula cha nyumba nyingi.

Sababu yake ni hii. Katika trekta za namna ya 135, pampu inayoinua jembe haina tangi lake. Imelala ndani ya oili ile ile ya giaboksi na difu, karibu lita 30. Basi oili hiyo ina kazi mbili: kulainisha gia na kuinua jembe. Ikiwa nzito mno, pampu haiwezi kuivuta kungali baridi. Kwa hiyo tafuta oili ya trekta iliyotengenezwa kwa kazi hizo mbili. Siku hizi kopo lake huandikwa UTTO.

Tena tazama herufi GL. Oili ya gia iliyoandikwa GL-5 ina dawa kali za kukinga meno ya gia za difu za magari. Dawa hizo zaweza kula vyuma vya shaba vilivyomo katika mashine za zamani. Ikiwa kitabu cha trekta yako chataka GL-4, usikubali kuambiwa kwamba GL-5 ni bora kwa kuwa namba yake ni kubwa. Namba kubwa si ubora, ni kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye injini. Injini ya dizeli ya 135 huchukua karibu lita 7. Kwenye kopo tafuta kwanza herufi za API. Zinazoanza na C ni za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli. Kopo jingine lina zote mbili, na hilo halina neno. Kisha tazama namba ya SAE, ndiyo uzito wa oili. Zamani walitia SAE 30 tupu. Leo 15W-40 ya dizeli yatufaa sana sisi wa milimani. Ile 15W yaonyesha kwamba oili ni nyepesi kungali baridi, nayo hupanda upesi kwenye beringi unapowasha alfajiri. Ile 40 yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Wala usilinganishe namba za injini na za gia, maana vipimo vyake ni mbalimbali. Oili ya gia namba 90 yakaribiana kwa uzito na oili ya injini namba 40 au 50.

Je, trekta ikitoa moshi wa bluu na kula oili? Huo ni ugonjwa wa ringi, silinda au valvu. Oili nzito yaweza kupunguza moshi kwa muda, lakini haitengenezi kilicholika. Ni kama kumfunika mgonjwa blanketi asionekane akitetemeka. Mwite fundi, upime, uanze kuweka akiba ya matengenezo.

Jambo jingine. Oili za leo zina sabuni ya kuosha injini. Ukiitia katika injini iliyokaa miaka mingi na oili duni, uchafu wa zamani utang'oka na kwenda kuziba filta. Basi mara ya kwanza badili oili na filta mapema kuliko desturi. Wala usisahau bakuli la oili la kisafisha hewa. Vumbi letu la kiangazi linaingia hapo, na oili ikigeuka tope haishiki vumbi tena.

Wenye pawatila, hizo zilizoenea baada ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, msinakili maneno yangu ya 135. Giaboksi ya pawatila ni nyingine. Fuateni kitabu chake, au kibao kilichopigwa kwenye bodi.

Mwisho, jihadhari na oili ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina. Oili iliyotumika yaweza kuchujwa ikang'aa, nawe hutaijua kwa macho. Nunua kopo ambalo mhuri wake haujakatwa. Ukimtuma kijana mjini Mbulu, usimwambie tu, “Leta oili ya trekta.” Mwandikie karatasi: ya injini, 15W-40, herufi C, lita 7, ya giaboksi, UTTO, lita 30. Mwambie kama hakuna, arudi na fedha.